Mlango Unaokwaruza Sakafu



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa kigango cha mbali alinijia ofisini na kitambaa mkononi. Ndani ya kitambaa mlikuwa na ufunguo uliopinda. "Mwalimu," akasema (ndivyo wanavyoniita bado, ingawa siku hizi nashika madaftari ya ubatizo badala ya chaki), "nataka fundi wa kuninunulia kitasa kipya mjini. Hiki changu hakigeuki mpaka niusukume mlango kwa bega."

Nikamwambia, "Mama, kitasa chako ni kizima."

Akanitazama kama mtu aliyedharauliwa, maana sijafika kwake hata siku moja. Nikamwuliza, "Mlango ukiwa wazi, ufunguo wageuka?" Akafikiri kidogo. "Wageuka vizuri kabisa." Basi ugonjwa haukuwa kitasani. Ulimi wa kitasa ulikuwa haukutani tena na tundu lake, kwa kuwa mlango wote ulikuwa umeshuka. Angelinunua kitasa kipya, angelipa nauli ya kwenda na kurudi, angempa fundi ujira wake, na kesho yake angesukuma tena kwa bega lile lile.

Ndiyo sababu juma hili nataka tuzungumze habari za milango. Watu wengi hungoja mpaka mlango uanguke ndipo wamwite fundi, na kumbe karibu kila mlango hutoa taarifa mapema. Hukwaruza sakafu. Hulia. Hutaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Watoto wa nyumba hiyo hujifunza ile namna ya kuuinua, mgeni huchekwa asipoijua, na miaka yapita hivyo.

Anza kwa kuutazama. Chagua saa ya mchana yenye mwanga, ufunge mlango, nawe usimame ndani. Angalia uwazi ulioko kati ya mlango na miimo yake, pande zote mbili, kutoka juu mpaka chini. Mlango mzima huwa na uwazi ulio sawasawa, kama unene wa sarafu moja au mbili. Ukiona upande wa bawaba uwazi ni mpana juu na umebana chini, tena upande wa kitasa pembe ya juu yagusa mwimo na pembe ya chini yalamba sakafu, mlango umelala, na kosa liko kwenye bawaba ya juu. Ukiona umebana urefu wote, na mvua zinanyesha, mbao zimevimba. Ukiona uwazi hauna mpango wowote, funga jiwe kwenye uzi, uuning'inize kando ya mwimo: huenda mlango hauna kosa lolote ila mwimo wenyewe umeinama, na hapo shaka iende kwa mchwa au kwa msingi.

Kama hujui unapogusa, chukua kipande cha mkaa, upake kwenye ukingo wa mwimo, ufunge mlango na kuufungua mara mbili. Palipo na weusi kwenye mlango ndipo panapogusa. Nimeona mafundi wakipiga randa ukingo mzima, kutoka pembe hii mpaka ile, kwa kosa la mahali padogo kama kiganja. Mkaa wa jikoni ungewaonyesha bure.

Sasa mlango uliolala. Kabla hujalegeza kitu chochote, tia kabari mbili za mti chini ya mlango, upande wa kitasa, uupandishe mpaka ukae sawa. Kabari hizo zibebe uzito wote. Asiyetia kabari huona bawaba ikipasuka mkononi mwake, au mlango ukimwangukia kidole cha mguu. Kisha kaza skrubu za bawaba ya juu kwa bisibisi inayokaa barabara katika mfereji wa skrubu. Zikikaza, kazi imekwisha, nawe umetumia muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Mara nyingi hazikazi. Huzunguka tu, kwa kuwa tundu limepanuka. Hapo wengine hupigilia msumari mkubwa pembeni, na huu ndio mwanzo wa kuharibu kabisa. Msumari huingia kwa nyundo, lakini hutolewa na mlango wenyewe, kidogo kidogo, kila unapofunguliwa. Toa skrubu. Chonga kijiti cha mti mgumu kinene kama tundu lile, ukipake gundi ya mbao, ukigonge ndani mpaka kijae, kisha ukikate kiwe sawa na ubao. Usipokuwa na gundi, njiti za kiberiti zilizoshindiliwa zitakusaidia kwa muda, lakini usizitegemee mwaka mzima. Toboa katikati ya kijiti tundu jembamba, ndipo urudishe skrubu, tena afadhali iliyo ndefu kupita ile ya kwanza, ipate kuuma mti mpya kule ndani. Ukipaka ncha yake sabuni itaingia bila kupasua.

Ikiwa bawaba ni nzima na skrubu zimekaza, na mlango bado walala, tazama ubao wa mshazari. Milango yetu mingi ya vijijini ni mbao za kusimama zilizoshikwa na mbao mbili au tatu za kulala, pamoja na ubao mmoja wa mshazari. Ubao huo una kazi. Ni mkongojo. Mzee huegemea mkongojo uliokita chini mahali imara. Vivyo hivyo ubao wa mshazari hauna budi kukita chini upande wa bawaba, na kupanda juu kuelekea upande wa kitasa. Hapo uzito wa pembe ya kitasa huteremka kupitia ubao mpaka kwenye bawaba ya chini. Ukiwekwa kinyume, haubebi tena bali huvuta misumari, nayo misumari haipendi kuvutwa. Katika kitongoji ninachokaa nimehesabu milango kumi na minne ya namna hii, na sita imewekwa kinyume. Sitaji nyumba wala fundi. Kila mtu aende akatazame mlango wake.

Dawa yake si ngumu. Ondoa ubao wa mshazari, ulaze mlango chini mahali tambarare, pima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, kisha pima pembe zile nyingine. Nyuzi zikilingana, mlango ni mraba. Zisipolingana, sukuma pembe iliyozidi mpaka zilingane, kisha rudisha ubao kwa upande unaofaa, ukiubana vema kati ya zile mbao za kulala, uufunge kwa skrubu.

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo singependa kulisimulia.

Katika kigango chetu alikuwako katekista mstaafu, mzee wa watu, aliyewafundisha wengi wetu ishara ya msalaba. Mlango wake ulikuwa wa mninga, mnene, wa kazi ya zamani, lakini bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Yeye mwenyewe aliujua: aliuinua kwa mkono wa kushoto, akavuta komeo kwa wa kulia. Aliniomba niende na randa na bisibisi. Nikasema, "Jumamosi, mzee." Jumamosi palikuwa na harusi. Akaniomba tena, nikasema baada ya mavuno. Mara ya tatu hakuniomba. Aliniuliza tu kwa upole kama bado ninayo ile bisibisi.

Masika ya mwaka 2018, usiku, mjukuu wa jirani alikuja mbio parokiani kusema mzee amebanwa na kifua na hawezi kupumua. Baba Paroko akachukua Ekaristi Takatifu na mafuta ya wagonjwa, nami nikashika tochi. Tulipofika mvua ilikuwa ikinyesha. Bibi alikuwa ndani akilia. Skrubu za mwisho za bawaba ya juu zilikuwa zimetoka, na mlango wote ulikuwa umelikalia komeo kwa uzito wake. Bibi alivuta kwa mikono miwili, komeo halikutembea. Hakuwa na nguvu za kuuinua mlango ule, na sisi tuliokuwa nje hatukuwa na mahali pa kuushika. Dirisha lilikuwa na nondo. Tulitafuta shoka nyumba ya tatu, na mninga, kama mjuavyo, hauna haraka mbele ya shoka. Baba Paroko alisimama chini ya ukingo wa bati, mkono kifuani palipokuwa na Ekaristi, akisali kwa sauti ili mzee asikie.

Tulipoingia, mzee alikuwa hai, lakini hakuweza tena kusema wala kumeza. Alipakwa mafuta. Hakuungama kwa kinywa chake, wala hakupokea Komunyo ya njiani, yeye aliyetufundisha sisi sote kuiomba. Alifariki kabla ya kucha. Baba Paroko aliniambia baadaye kwamba Mungu hazuiliwi na komeo, nami nasadiki. Walakini bisibisi ilikuwa ukutani kwangu.

Tuendelee. Mlango uliovimba ni jambo jingine, na kosa kubwa ni haraka. Ubao hauvimbi kwa urefu wake. Huvimba kwa upana. Masika hunywa unyevu, kiangazi huurudisha. Ukipiga randa katikati ya masika mpaka mlango ucheze vizuri, mwezi wa nane utakuwa na ufa wa kupitisha panya, na nyoka humfuata panya. Kwa hiyo wakati wa mvua fanya kidogo tu: sugua kipande cha mshumaa mahali panapogusa, juu ya mlango na juu ya mwimo, nta itaulainisha. Vipande vya mishumaa ya kawaida havikosekani kwetu. Ila nawasihi, si ile iliyobarikiwa siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, na mtoto asije sakristia kuniomba mshumaa wa Pasaka. Mvua zikiisha, mbao zikikauka, tazama tena. Ikiwa bado wagusa, ndipo upige randa, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

Tena tafuta maji yaingilia wapi. Mafundi hupaka rangi uso wa mlango na kusahau ukingo wa chini, kwa sababu hauonekani. Huko chini ndiko ncha za mbao zilipokatwa, nazo hunyonya maji kama mrija. Utoe mlango, uugeuze kichwa chini, ukaushe jua siku mbili tatu, kisha upake rangi ukingo wa chini na wa juu mara mbili. Kazi hii moja yazuia nusu ya uvimbe. Na anayenunua mlango mpya aulize mti. Mninga ukikaushwa vema hutulia sana. Mvule na mtiki hustahimili mchwa. Mkaratusi uliopasuliwa mbichi hujipinda kama mkia wa mbuzi, hata ukipakwa rangi nzuri namna gani. Lakini hata mninga, ukiuzwa mbichi, ni hasara.

Mchwa huanzia chini ya mwimo, pale ulipozikwa ardhini. Gonga kwa mpini wa kisu kutoka chini kwenda juu: palipo pazima hulia kwa ukavu, palipoliwa husikika mvungu. Ukiona vijia vya udongo, vikwangue, ufuate vinakotoka. Kumwaga oili chafu kila mwaka ni desturi ya wengi, lakini harufu yake na uchafu wake havifai karibu na chumba cha nafaka wala mahali watoto wanapokaa, na mti uliokwisha kuliwa haurudi. Ni afadhali kukata mguu wa mwimo uliooza, mkono mmoja kutoka chini, kuunga kipande kipya kwa kupunguza nusu kwa nusu, na kukikalisha juu ya jiwe au saruji badala ya udongo. Kabla hujakata, egemeza mti imara chini ya kizingiti cha juu.

Milango ya chuma imezidi kuwa mingi, na watu hudhani haina matengenezo. Ina kutu. Kutu huanza chini, mahali maji ya kudeki yanapogonga, na kwenye viungo vilivyochomelewa. Ikwangue mpaka uone chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yako. Mlango wa chuma ukikwaruza, tazama bawaba zake: mara nyingi ni za kipini, nusu ya chini ina kipini na nusu ya juu huvaa juu yake. Watu wawili wenye nguvu wauinue mlango mpaka utoke kwenye vipini, watie washa moja ya chuma na grisi kidogo katika kila kipini, wauteremshe tena. Mlango umepanda unene wa washa. Jambo hili halikugharimu kitu, nami nimewaona watu wakikata chini ya mlango kwa mashine kabla ya kulifikiria.

Kitasa kikiwa kigumu hata mlango ukiwa wazi, hapo ndipo kosa ni lake. Usitie mafuta ya kupikia. Siku ya kwanza hufurahisha, baadaye hushika vumbi na kuwa kama ulimbo. Chukua penseli laini, usugue meno ya ufunguo yawe meusi, uingize na kuzungusha mara nyingi. Ule unga mweusi wa penseli hulainisha pasipo kushika vumbi. Kila nyumba yenye mtoto wa shule inayo dawa hii. Ufunguo uliopinda, kama ule wa mama wa Dominika, usiunyoshe kwa kuupigia jiwe; utakatikia ndani. Kachonge mwingine kabla huu haujakatika.

Na komeo la ndani liwekwe mahali anapofika aliye mdogo au dhaifu kuliko wote walalao nyumbani. Jaribuni jioni hii: mwambieni bibi, au mtoto aliyekwisha kupata akili, afungue mlango peke yake, taa imezimwa. Akishindwa, ndio mlango wa kutengeneza kwanza, hata kama haukwaruzi. Wanaofunga kufuli kwa ndani kwa kuogopa wezi watundike ufunguo karibu na mlango, mahali pamoja pasipobadilika, wote wakipajua. Moto haungoji mtu atafute ufunguo chini ya godoro.

Limebaki geti la kusukuma, la kuingizia gari au pikipiki. Haya yameingia vijijini pamoja na nyumba mpya, nami nayaogopa kuliko milango yote. Geti la namna hii ni zito, husimama juu ya magurudumu mawili katika reli, na hushikwa juu na roda. Chini hubebwa, lakini juu ndipo penye usalama wake. Roda zikilegea, au kizuizi cha mwisho wa reli kisiwepo, siku moja litasukumwa kwa nguvu, litapita mwisho na kuanguka lote kwa mara moja. Katika mtaa wa soko letu moja liliangukia baiskeli, ikawa bapa. Mtoto aliyekuwa akiliparamia alikuwa ameitwa kula. Angalieni kila mwezi: kizuizi kiko mwisho wa reli pande zote mbili? Roda za juu zimekaza? Reli haina mawe wala mchanga? Likikwama, msilisukume kwa kundi. Lishikizwe kwanza kwa magogo pande mbili lisianguke, kisha mwiteni mchomeleaji. Kazi hii si ya bisibisi ya nyumbani, na watoto wasiligeuze bembea.

Hata huko Roma walijifunza jambo hili. Mkesha wa Noeli wa mwaka 1974, Baba Mtakatifu Paulo VI alipofungua Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, ambao kwa desturi ya zamani ulizibwa kwa ukuta, vipande vya ukuta vilianguka karibu naye. Mlango ule ulipofunguliwa kwa Jubilei ya mwaka 2000, ukuta ulikuwa umekwisha kuondolewa mapema, na Yohane Paulo II aliusukuma mlango tu kwa mikono yake.

Yule mama wa kigango cha mbali nimemwendea Jumatano. Skrubu nne, kijiti cha mti, na kabari mbili. Ufunguo mpya ameahidi kuuchonga mwenyewe siku ya gulio. Bibi wa katekista wetu sasa anakaa kwa binti yake, na mlango wa nyumba ile niliupachika upya mwaka ule ule, ingawa hakuna anayelala humo.

Walioniandikia kuhusu bati linalovuja kwenye misumari, nitawajibu juma lijalo. Mwenye kuhitaji bisibisi aje ofisini siku za kazi, asubuhi. Naiazima kwa kuandika jina daftarini.